Tembe Linaloenea Kwenye Sinia

Kwenye kabati la sebuleni kwetu Mandewa, pale ambapo wenzangu hupanga glasi za harusi na sahani za wageni, kuna kinu cha kutwangia kisichozidi kidole gumba changu. Pembeni yake umesimama mchi wake, mwembamba kama njiti mbili za kiberiti zilizofungwa pamoja. Rafu ya chini kuna mzinga wa nyuki unaolingana na kipande cha chaki, vigoda vitatu, ungo wa ukubwa wa kizibo cha soda, na mafiga matatu ambayo ni kokoto nilizozichagua moja moja barabarani. Glasi za harusi ziko ndani ya boksi chini ya kitanda. Hakuna aliyeziulizia tangu zihamishwe.

Nafundisha darasa la kwanza, na mambo haya yalianzia huko. Mwaka mmoja nilikuwa na somo la vyombo vya nyumbani, vitabu vichache na watoto wengi mno. Picha yenyewe ya chungu ilikuwa imefifia, watoto wa nyuma wakidhani ni nyanya. Jumamosi nikachukua udongo wa kichuguu, nikauponda na kuukanda kama unga wa chapati, nikafinyanga chungu, bakuli, mtungi na kikombe. Mwiko nikauchonga kwa wembe. Jumatatu nikaingia darasani na sinia lililofunikwa kitambaa.

Darasa langu, kwa kawaida, lina kelele za mnada wa ng'ombe. Nilipofunua kitambaa, kelele zilikatika ghafla. Watoto walisogea wenyewe, bila kusukumana, mikono wameiweka nyuma kana kwamba mtu amewaambia. Binti mmoja wa mstari wa mbele aliinama hadi pua yake ikakaribia kugusa mtungi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, na wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe nani?"

"Wenye vyombo."

Nikamwambia wameenda shambani. Akaridhika. Mimi ndiye sikuridhika, maana jioni ile nilirudi nyumbani nikaanza kutengeneza jembe lao.

Mume wangu ni dereva wa lori. Hupakia vitunguu na alizeti, akaondoka siku nne au tano, akarudi amechoka na kuzungumza sana. Safari moja alirudi akakuta nimekaa mkekani na vipande vya miti, gundi na wembe, watoto wetu wawili wamelala kifudifudi wananitazama.

"Mama watoto," akasema, "naona umewajengea panya. Na choo umewachimbia?"

Alinitania hivyo kwa miezi. Halafu siku moja akatoa mfukoni kufuli dogo, la begi la mtoto, lisilo na ufunguo, akaliweka mezani bila kusema neno. Safari iliyofuata akaja na kichupa cha dawa ya macho kilichokauka, kizuri kuwa mtungi. Nilipomuuliza akasema ameokota tu. Mtu anayeendesha lori la magurudumu kumi haokoti kichupa kama kile bila kushuka na kuinama.

Watu hunishangaa: mtu mzima, mwalimu, mwenye watoto wakubwa, unachezea vitu kama hivi? Zamani nilijitetea kwa kusema ni zana za kufundishia. Siku hizi nasema nafurahi tu. Lakini nikiambiwa nieleze vizuri, ningesema hivi: katika maisha yangu hakuna kitu kinachonitii nikikiita mara moja, si watoto wa darasani, si wa nyumbani, si maji ya bomba. Lakini kwenye sinia lile, nikisema ghala likae hapa, linakaa. Tena kuna jambo jingine. Nilikalia vigoda maisha yangu yote, lakini siku nilipotaka kutengeneza kimoja kidogo ndipo nilipogundua kwamba sijui miguu yake inaelekea wapi. Nikaenda kukichungulia cha jikoni kwa magoti. Kumbe miguu hutanuka kidogo kuelekea nje, ndiyo maana hakipinduki. Ukitengeneza kitu kidogo unalazimika kukitazama kile kikubwa kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza.

Sasa nije kwa mama mkwe wangu.

Yeye anaishi Issuna, kwenye mji alioolewa. Kwa miaka mingi mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali. Nilizaliwa Itigi, baba yangu akifanya kazi ya reli, nyumba zetu zimepangwa mstari mmoja kama mabehewa. Nilipopelekwa Issuna kutambulishwa nilipewa jiwe la kusagia na uwele, na nikasaga kama mtu anayepiga pasi. Shangazi za mume wangu walicheka hadi wakakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Aliniondoa jiweni taratibu, akasaga mwenyewe, na tangu siku ile sikupewa tena kazi ya maana kwenye nyumba yake. Nikifika nilikuwa natandikiwa mkeka kama mgeni. Watu wengine wangefurahi. Mimi niliona nimefungiwa mlango kwa adabu. Salamu zetu zilipitia kwa mume wangu: "Mama anakusalimia." "Mwambie shikamoo."

Halafu macho yake yakaanza kufifia. Alisema ni vumbi, akasema ni uzee, mwisho akamwaga chai pembeni ya kikombe mbele ya wageni wa kanisani, akakubali kuletwa mjini. Daktari alimpima akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, lakini wataanza na moja. Akapewa tarehe ya mbele kidogo. Ikabidi akae kwetu asubiri.

Alifika na kitenge kilichofungwa fundo, na kuku jike mwekundu aliyekuwa na hasira za safari. Mume wangu akamkalisha sebuleni, akakaa siku mbili, kisha akapata mzigo akaondoka. Tukabaki mimi na mama mkwe na ukimya wetu wa miaka yote.

Siku ya tatu nilitoka shuleni nikakuta mlango wa kabati uko wazi. Mama mkwe amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, na vitu vyangu vyote viko mapajani mwake. Alikuwa ameinua kichwa, macho yanatazama ukutani, vidole vinatembea. Nikasimama mlangoni na begi langu kama mwanafunzi aliyekutwa na simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakugeuka. "Hiki kinu kachonga nani?"

"Mimi, mama."

"Hakina kiuno." Akakizungusha. "Kinu lazima kibanwe hapa katikati ndipo kishuke. Na hili tundu lake ni bapa. Nafaka itakaa pembeni, mchi utatwanga hewa."

"Ndiyo, mama."

Akakiweka, akachukua mzinga. Akaupitishia kidole gumba kwenye kitundu cha kuingilia nyuki, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akashika ungo, akanusa. Kila kimoja alikijua kabla sijakitaja, na kila kimoja alikuwa na neno nacho. Mwisho akafikia kitu nilichojivunia kuliko vyote, tembe langu, ile nyumba ya udongo ya kwao, nililolitengeneza kwa boksi la viatu, nikalipaka rangi ya udongo na kuchora magogo ya paa kwa kalamu. Akalipapasa kuta nne na paa lake bapa.

"Hiki ni nini?"

"Ni tembe, mama."

Akaligonga kwa ukucha, likalia kama boksi.

"Mimi nimezaliwa ndani ya tembe," akasema, "nikaolewa ndani ya tembe, nikazalia ndani ya tembe. Sijawahi kusikia likinuka gundi."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikaweka begi chini, nikakaa mkekani. "Basi nifundishe, mama."

Akanigeuzia uso, ingawa najua hakuniona zaidi ya kivuli. "Udongo upo?"

"Upo."

"Na miti?"

"Jirani amekata mpera wake jana, matawi bado yapo."

"Kalete."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku nikitoka shule nilimkuta ameshakaa, mikono ameipanga magotini, ananisubiri kama fundi anayemsubiri kibarua aliyechelewa. Tulijenga juu ya sinia kubwa la bati, lile la kuchambulia mchele wa shughuli. Yeye alikuwa macho na mimi nilikuwa mikono, ingawa mara nyingi mikono nayo ilikuwa yake. Alinikatisha vijiti vya nguzo vyenye panda juu, akavipima kwa kuvilaza kwenye kiganja. Nilipovikata virefu kuliko ilivyotakiwa alijua kwa kugusa tu.

"Tembe si ghorofa," akasema. "Linajikunyata chini. Upepo wa kwetu unaujua wewe?"

Juu ya nguzo hulazwa mihimili, juu ya mihimili fito, juu ya fito nyasi, kisha udongo. Nilitaka kufunika haraka, akanizuia. Kwanza ndani. Kwa siku nzima hatukugusa paa, tulikuwa tunapanga vyumba. Hapa ndama. Hapa mbuzi. Pale nafaka, maana pana joto na panya hawapendi moshi. Kitanda cha baba mkwe, cha ngozi, upande huu. Nikamkatia kipande cha mkanda wa zamani wa mume wangu kiwe ngozi.

Tulipofika kwenye jiko alichukua zile kokoto zangu tatu, akazipanga mwenyewe, akazipangua, akazipanga tena.

"Hapa nililia sana," akasema.

Sikujua kama nimeruhusiwa kuuliza.

"Nilipoolewa. Nilitoka mbali, sikujua watu, mama mkwe wangu alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Nikizidiwa nilikuwa nainama hapa napuliza moto. Moshi ulikuwa unanisaidia. Wakiniona machozi wanasema ni moshi."

Akapapasa kokoto moja, akaisogeza kidogo sana, kama upana wa unyasi.

"Wewe nilikutandikia mkeka," akaendelea. "Nilisema, huyu nisimtese kama nilivyoteswa. Nisimpe jiwe, nisimpe moto. Akae, apumzike. Baadaye mwanangu akaniambia unalia mkirudi mjini. Nikashangaa. Nikasema, sasa huyu analia nini, na jiko lake la gesi, hana hata moshi wa kusingizia?"

Kisha akaanza kucheka, yeye ambaye hakucheka siku ya jiwe. Nami nikacheka, machozi yakanitoka kwelikweli, na kama alivyosema, hapakuwa na moshi wa kusingizia. Ila yeye hakuona, au alijifanya hakuona. Tulicheka mpaka binti yangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

Kwa miaka yote ile nilidhani nimekataliwa, kumbe nilikuwa nimehurumiwa. Sijui kama tungewahi kuambiana bila zile kokoto tatu. Mbele ya jiko la kweli, la ukubwa wake, nadhani asingesema. Jiko la kweli lina kazi: maji yachemke, watu wale. Lile dogo halikuwa na kazi nyingine ila kukumbukwa.

Tulifunika paa siku moja kabla ya upasuaji, tukaliweka nje uani likauke. Asubuhi nikampeleka hospitali. Mambo yalikwenda vizuri, akarudi na jicho limefunikwa, analalamika kuhusu chakula kisicho na mlenda. Kesho yake tukarudi wakamfunua, wakamwambia asiiname, asiinue mizigo, aweke dawa kwa saa.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kabati. Akasimama mbele yake na jicho lake jipya, akatazama rafu ya juu, akatazama ya chini. Mimi nilikuwa nyuma yake nasubiri kama mtoto aliyepeleka daftari kusahihishwa.

"Kumbe ni vibaya hivi!" akasema.

"Mama!"

"Mkononi vilikuwa vizuri. Tazama huu mzinga, umepinda kama ndizi." Mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko, nikamkumbusha daktari kasema asitikisike. Akageuka, akanitazama mimi sasa, kwa makini yaleyale. "Na wewe kumbe umezeeka. Mara ya mwisho kukuona vizuri ulikuwa msichana."

Tukatoka uani kulitazama tembe. Yule kuku wake mwekundu alikuwa amelala juu yake. Alikuwa ametulia kabisa, manyoya ameyatanua, na kona nzima ya paa imezama chini ya tumbo lake. Nilimfukuza kwa kandambili. Kona ya ndama ilikuwa imekwisha, mihimili imevunjika, na katikati ya nyasi kuna shimo la mguu wa kuku. Kazi ya wiki mbili. Nilitaka kukaa chini pale pale.

Mama mkwe akasogea akachungulia, mkono ameuweka kiunoni.

"Kwetu walikuwa wanapanda hivyohivyo," akasema. "Mume wangu alikuwa anawatupia mawe, paa linatoboka zaidi kwa mawe kuliko kwa kuku."

"Sasa tutafanyaje, mama?"

"Tutafanyaje? Tutaliziba. Ulidhani tembe linajengwa mara moja?"

Kwa kuwa alikatazwa kuinama, tuliliinua sinia tukaliweka juu ya meza ya chakula. Safari hii hakuniagiza. Alifanya mwenyewe, jicho moja limefumbwa, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, na mimi nikawa wa kumpa vijiti. Mume wangu aliporudi kutoka safari alikuta mama yake na mkewe wamekula chakula chao mkekani kwa sababu mezani pana udongo. Akasimama na funguo za lori mkononi. Nadhani alikuwa anatafuta utani wa panya akaona haufai.

Mama mkwe alirudi Issuna mwezi uliofuata. Wiki haijaisha, kondakta wa basi akanipigia simu kwamba kuna mzigo wangu stendi. Ulikuwa kopo la maziwa ya unga lililojazwa makapi ya uwele, na ndani ya makapi kulikuwa na kibuyu. Kilikuwa kibuyu cha kweli, kitunda fulani cha porini alichokikausha, akakitoboa mdomo, akakifunga ukosi wa uzi, kikubwa kama punje ya karanga. Nikampigia kumshukuru. Akapokea na kusema kabla hata sijasalimia, "Umeona? Hivyo ndivyo kibuyu kilivyo."

Nilijibu kwa kumtumia jozi ya ndala zilizokatwa kwenye ndala zilizochakaa, saizi ya mbegu ya alizeti. Akajibu kwa fimbo ya kuchungia. Nikatuma cherehani, ambayo ilinichukua mwezi mzima na waya wa redio. Hiyo ilimuuma, nilijua, kwa sababu alinyamaza siku kumi. Jicho la pili lilipofanyiwa upasuaji alikuja na mkebe mzima wa vitu vidogo alivyotengeneza. Sasa tunapigiana simu karibu kila Jumapili, na mume wangu hulalamika kwamba mama yake hamuulizi habari zake tena, anaulizia gundi.

Likizo iliyopita nilikwenda Issuna peke yangu, kwa basi. Nilikuta hajakaa peke yake. Kwenye kivuli cha ukuta kulikuwa na wanawake wengine watatu, wawili wa kanisani kwake na mmoja jirani yao wa Kiislamu ambaye ana mikono miepesi kuliko wote. Hakuna aliyeniambia ilianzaje. Nadhani walikuja kumcheka wakabaki. Mbele yao kulikuwa na mkeka wenye mji mzima: maghala, ua wa miiba, ng'ombe wa udongo wenye nundu, mwanamke anayepepeta. Nikatoa shikamoo zangu kwa mpangilio, nikapewa nafasi mkekani, na mara moja nikapewa kazi ya kusuka kamba kwa nyuzi za mkonge. Sikutandikiwa mkeka wa peke yangu.

Ugomvi wa siku ile ulikuwa masikio ya punda. Yule jirani alikuwa ametengeneza punda wa udongo amebeba viroba viwili, mzuri sana, lakini mama mkwe alisema masikio ni mafupi, yule ni mbwa mwenye mzigo. Jirani akasema yeye ana punda nyumbani, anayajua masikio ya punda kuliko mtu yeyote pale. Mmoja wa kanisani akasema yanategemea punda mwenyewe. Sauti zikapanda. Mimi niliulizwa kama msomi, nikakiri kwamba sijawahi kumtazama punda masikio.

"Basi aletwe," mama mkwe akasema.

Jirani akainuka kweli, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Tukamsikia kabla hatujamwona, anamsemesha punda njiani kwa maneno makali. Akamwingiza uani. Punda akasimama katikati yetu, amechoka, ana alama ya kamba shingoni, akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta mwenye akili.

Mama mkwe akavaa miwani yake ya kusomea. Akachomoa unyasi mmoja mrefu, akaukaribia uso wa punda bila woga, akaupima sikioni kuanzia shina hadi ncha, akaukata kwa kucha. Kisha akaupima uso, kuanzia utosi hadi puani, kwa unyasi mwingine. Akarudi akakaa, akazilaza nyasi zote mbili sambamba kwenye kanga, sote tukainama kutazama. Sikio lilikuwa zaidi ya nusu ya uso.

Jirani akatazama nyasi, akamtazama punda wake, kisha akamtazama yule wa udongo. "Haya," akasema, "nipeni udongo."

Akafinyanga masikio mapya palepale, marefu, akayabandika kwa mate ya kidole. Mara yule mnyama wa udongo akawa punda, tena punda anayekataa kwenda, na wanawake wote wakapiga vigelegele. Punda mwenyewe akashtuka akarudi nyuma, na ikabidi tuinuke wote, na mimi na kamba yangu ya mkonge mkononi, kwenda kumshika kabla hajafika kwenye shamba la alizeti.